Siku tatu kuyafuata maji kutoka Kitulo hadi Ihefu: tathmini ya huduma ya waongoza wageni

Mwanzoni mwa Juni niliungana na watu wengine watano, mmoja wao akiwa mama mkwe wangu, katika safari ya siku tatu iliyoandaliwa na kikundi kidogo cha vijana waongoza wageni wa jijini Mbeya. Tangazo lao lilieleza kwamba wageni watayafuata maji kutoka yanakochimbukia, juu kabisa katika uwanda wa Kitulo, hadi yanakotuama katika Ihefu, kwenye bonde la Usangu. Kila mtu alilipa shilingi 420,000 kwa usafiri, malazi na chakula, na ada za hifadhi tulizilipa pembeni kwa kumbukumbu namba. Jina la kikundi silitaji, kwa kuwa malalamiko niliyo nayo nimekwisha kuyafikisha kwao wenyewe na wameanza kuyafanyia kazi. Ninachokusudia ni kumweleza anayefikiria kununua safari ya aina hii, kwao au kwa wengine, ni kitu gani hasa atakachokuwa amekinunua.

Nianze na yaliyoniudhi, maana ndiyo yaliyotangulia. Tuliambiwa kuwa tungeondoka saa kumi na mbili asubuhi kwa gari linaloiweza milima, lakini ilipofika saa mbili kasoro robo ndipo tulipoletewa gari dogo la abiria ambalo matairi yake yalikuwa yamekwisha kuwa vipara. Anayekwenda Kitulo kwa upande wa Chimala hupanda kwa barabara ambayo watu huiita Hamsini na Saba, kwa hesabu ya kona zake, na barabara hiyo haimstahi mtu aliyekuja kubahatisha. Tulikuwa hatujafika hata nusu ya kona hizo gari lilipoanza kuchemsha. Tulishuka, tukatembea, na mama mkwe, ambaye ana umri wa miaka 68, akapanda kona mbili kwa miguu huku amejitanda khanga kichwani kwa ajili ya baridi.

“Pole sana, mama, tunakaribia,” kijana aliyetuongoza akamwambia.

“Mwanangu, umesema hivyo tangu kona ya tano,” mama akamjibu, wala hakuongeza neno hadi lilipofika gari jingine kutoka Matamba, baada ya saa mbili za kusubiri kandokando ya barabara.

La pili lililonikera ni picha. Tangazo lilipambwa kwa picha ya uwanda uliojaa maua ya okidi, na ni kweli kwamba Kitulo, hifadhi ya taifa iliyoanzishwa mwaka 2005 ambayo wenyeji huiita Bustani ya Mungu, ina zaidi ya aina 40 za okidi zinazoota ardhini. Maua hayo, hata hivyo, huchanua wakati wa mvua, kuanzia Novemba hadi Aprili. Mwezi Juni uwanda ule ulio kwenye mwinuko wa takribani mita 2,600 ni nyasi za rangi ya hudhurungi, upepo, na asubuhi nyingine sakitu nyeupe juu ya majani. Hata mbayuwayu wa buluu, anayezaliana katika nyanda hizi wakati wa mvua, anakuwa amekwisha kuhamia upande wa Ziwa Viktoria. Hilo si kosa la Kitulo. Ni kosa la aliyebandika picha ya Februari juu ya safari ya Juni.

Nasema hayo kwa uchungu kidogo, kwa sababu ni hapo hapo Kitulo, pasipokuwa na ua lolote la kupiga picha, ambapo kijana yule alianza kuirudisha thamani ya fedha zetu. Alitutoa barabarani, akatushusha katika kibonde kilichofunikwa na nyasi za jamii ya ndago, kisha akatuomba tuvue viatu. Tulisitasita, maana baridi ilikuwa kali. Nilipokanyaga, ardhi ilibonyea kama godoro, maji ya baridi yakanichomoza katikati ya vidole, na nilipoinua mguu ardhi ikarudi mahali pake polepole, ikaacha alama iliyojaa maji kwa muda mfupi tu. Alichimbua kwa kidole donge la udongo mweusi, akalikamua kama mtu anayekamua tui, na maji yakamtiririka hadi kwenye kiwiko.

Maelezo yake yalikuwa sahihi, nami nafundisha baiolojia kwa hiyo nilikuwa nimekaa mkao wa kumsahihisha. Alisema kwamba mizizi na majani yaliyokufa katika kibonde hicho hayaozi yakaisha, kwa sababu maji yamezuia hewa isiingie na baridi imewapunguzia kasi vijidudu wanaoozesha. Basi mabaki hujilundika mwaka hadi mwaka, yakafanya udongo unaonyonya mvua ya masika na kuitoa tone kwa tone katika miezi ya kiangazi, wakati mbinguni hakuna kitu. Vijito vinavyotoka katika vibonde vya namna hiyo huporomoka hadi Usangu na kuulisha mto Ruaha Mkuu. Alituonyesha pia vishimo vilivyochimbuliwa na watu wanaotafuta viazi vya okidi, vile vinavyoitwa chikanda, ambavyo biashara yake huvuka mpaka hadi Zambia. Hakuhubiri. Alivionyesha tu, akasema bei yake huwa nzuri kwa mtu asiye na shamba, kisha tukaendelea.

Siku ya pili tulikuwa bondeni, kwenye joto, miongoni mwa majaruba ya mpunga ya Mbarali. Wapo wageni wenzangu walionung’unika kwamba hawakulipa fedha kwenda kuangalia mpunga, ambao wanauona kila wanaposafiri kwenda Dar es Salaam. Mimi ninaona kwamba kuiweka siku hiyo katika ratiba ulikuwa uamuzi wa busara. Mkataba wa Ramsar wa mwaka 1971, ule wa kimataifa wa kuhifadhi ardhioevu, ambao Tanzania ni mwanachama wake tangu mwaka 2000, unahesabu kuwa ardhioevu hata maeneo ya maji yaliyotengenezwa na binadamu, majaruba yakiwamo. Anayetaka kuthibitisha hilo na asimame kwenye tuta la jaruba asubuhi: yangeyange weupe wanawinda vyura, kwarara wanachokoa tope, na vijana wanaoamia ndege wanapiga madebe na kurusha mawe kwa kombeo kulifukuza wingu la kwelea kwelea ambalo likitua juu ya mpunga uliokomaa humwachia mkulima mabua matupu. Ndege hao wa mwisho hakuna aliyewasifia, na ni haki yao wasisifiwe.

Kando ya mfereji wa zamani kulikuwa na kidimbwi kilichofunikwa na majani ya mayungiyungi, na hapo tulikaa saa nzima bila mtu kuangalia saa yake. Kijana aliingia majini hadi magotini, akang’oa jani moja pamoja na kikonyo chake, kirefu kama mkono wangu. Alikikata kikonyo kwa wembe akatuonyesha ndani: vijitundu vinne vikubwa na vingine vidogo, kama mrija wenye vyumba. Kisha akaweka ncha moja mdomoni, akatumbukiza nyingine majini, akapuliza. Mapovu yakatoka. Kila mmoja wetu alitaka kujaribu, hata wale waliokuwa wakinung’unika. Tope la chini ya kidimbwi, alieleza, halina hewa, na ndiyo maana ukilivuruga linanuka kama yai viza. Mizizi inayoishi humo lazima iletewe hewa kutoka juu, na kikonyo hicho ndicho bomba lake. Nimefundisha jambo hilo kwa miaka kumi na mmoja kwa kuchora ubaoni, na sikuwahi kuwaza kwamba lingeweza kufundishwa kwa kupuliza.

Juu ya majani hayo hayo alitembea sile-maua, ndege mwekundu wa kahawia mwenye bamba la buluu kwenye paji la uso, ambaye vidole vyake virefu kupita kiasi humtawanyia uzito jani lisizame. Tuliambiwa kwamba kwa ndege huyu dume ndiye anayeatamia mayai na kulea vifaranga, na kwamba hatari ikitokea huwakumbatia chini ya mbawa akakimbia nao, miguu yao ikining’inia. Mama mkwe aliuliza jike huwa yuko wapi wakati huo. Alipojibiwa kwamba yuko kwa dume mwingine, anataga tena, alicheka mpaka akajifuta machozi, na nadhani ni hapo ndipo alipowasamehe kona mbili za Hamsini na Saba.

Kwa upande wa vifaa, hata hivyo, kikundi hiki bado kiko nyuma. Darubini ilikuwa moja kwa watu sita, na lenzi yake moja ilikuwa na ukungu. Karatasi ya orodha ya ndege tuliyogawiwa ilikuwa na majina ya kisayansi na ya Kiingereza peke yake, ilhali kijana mwenyewe alikuwa na majina ya Kiswahili na ya Kisangu mdomoni kwa karibu kila ndege tuliyemwona. Nilimwomba ayaandike. Aliniambia kuwa hakuna mgeni aliyewahi kumwomba hivyo.

Chakula nitakipitia kwa haraka, kwa sababu kilikuwa kizuri na hakina mgogoro. Mchana ule tulikula Rujewa kwa mama lishe mmoja, wali wa mchele wa hapo hapo ambao harufu yake ilitupokea kabla ya sahani, na kambale mkavu aliyeungwa kwa karanga. Nje ya kibanda kulikuwa na beseni la kambale wabichi ambao mwenye kuwauza alisema waliletwa alfajiri. Saa saba mchana, bila tone la maji, walikuwa bado wanapinda mikia. Kijana aliomba mmoja aliyekwisha kuchinjwa, akafunua kifuniko cha shavu na kutuonyesha, juu ya mashavu ya kawaida, viungo viwili vyenye matawi kama vichaka vidogo vyekundu. Kwa viungo hivyo kambale hupumua hewa kama sisi, na ndiyo maana dimbwi likikauka yeye huvumilia ndani ya tope, au usiku wenye umande akajikokota juu ya nyasi kutafuta dimbwi jingine, wakati perege amekwisha kufa. Mvua ya kwanza inapoyafunika majani ya bondeni, huko kwenye nyasi zilizofurika ndiko anakokwenda kutaga.

Siku ya tatu tuliingia Ihefu. Watanzania wengi walilijua jina hilo kwa mpira kabla ya kulijua kwa maji, kwa sababu ya ile timu ya Mbarali iliyoifunga Yanga mabao 2 kwa 1 mwezi Novemba 2022 na kuukatisha mwendo wake wa mechi 49 bila kupoteza. Ihefu yenyewe ni eneo la majimaji la kudumu lililoko upande wa chini wa bonde, ambako mito inayoshuka kutoka milimani, Mbarali, Kimani, Chimala, Ndembera na Ruaha wenyewe, hupunguza kasi na kutandaa. Mwaka 2008 eneo hili liliunganishwa na Hifadhi ya Taifa ya Ruaha, ambayo kwa hiyo ilivuka kilomita za mraba 20,000. Uamuzi huo haukuwa mwepesi kwa walioishi humo, na hadi leo ukitaja GN 28, lile tangazo la serikali lililoweka mipaka hiyo, katika kijiji chochote cha Mbarali utapata kikao.

Tangazo liliahidi boti. Boti haikuwapo. Tulipofika tuliambiwa kwamba injini iko kwa fundi, jambo ambalo ofisi yao lazima ililijua kabla hatujaondoka Mbeya, na badala yake tulizunguka kwa gari na kutembea kwa muda mfupi ukingoni tukiwa na askari wa hifadhi mwenye bunduki. Hata kwa namna hiyo tuliona mengi: nyamera waliosimama juu ya vichuguu, kuro, kundi la korongo taji, na kongoti mwenye mdomo uliobakiza upenyo katikati, anaoutumia kuchokoa konokono kwenye magamba yao. Furukombe alilia mara tatu kutoka juu ya mti mkavu, na kila mara sote tulinyamaza. Lakini mtu aliyeko ukingoni anauona ukuta wa matete na mafunjo yaliyomzidi kimo mara mbili, na yaliyoko ndani anayasikia tu. Askari alitueleza kwamba njia za maji zinazoingia katikati ya ukuta huo hufunguliwa na viboko, wanaotoka usiku kwenda kula majani na kurudi alfajiri kwa njia zile zile. Ilikuwa safari ya boti iliyonifanya nilipe, na sitaficha kwamba niliondoka pale nikiwa na kinyongo.

Kilichofuata ndicho somo bora kuliko yote ya siku tatu, na lilitolewa chini ya mti, wakati wa kula mikate. Kijana alichukua sahani ya plastiki iliyomeguka ukingo, akaijaza maji hadi yakaanza kutoka kupitia pengo lile. Sahani ni Ihefu, akasema, na pengo ni N’giriama, mahali ambapo mwamba umekatiza njia ya maji na ndipo Ruaha Mkuu unapotokea kuendelea na safari yake. Alinyamaza, akatuacha tuangalie. Maji yalitiririka, yakapungua, yakawa matone, kisha yakakoma, na sahani bado ilikuwa na maji mengi tu. Hapo ndipo nilipoelewa jambo ambalo nilikuwa nimelisoma bila kulielewa: mto hauhitaji Ihefu ikauke ndipo nao ukauke. Inatosha maji yashuke chini ya mwamba. Kinachoingia kikiwa kidogo kuliko kinachonyonywa na jua na mimea, basi huko chini, ndani ya hifadhi, mto unakatika vipande vipande vya madimbwi. Ndivyo ulivyoanza kukauka wakati wa kiangazi cha mwaka 1993, na hali hiyo imejirudia tangu hapo. Viboko hujazana katika madimbwi yanayobaki, kinyesi chao kinamaliza hewa ya majini, na samaki wanaelea. Na maji hayo hayo ndiyo yanayotazamiwa mbele zaidi na mabwawa ya umeme ya Mtera na Kidatu, yenye mitambo ya megawati 80 na 204.

Ni katika somo hilo hilo, kwa bahati mbaya, kijana alipoteleza. Mgeni mmoja aliuliza ni nani aliyeyamaliza maji, naye akajibu bila kusita kwamba ni ng’ombe. Jibu hilo lilikuwa maarufu sana wakati wafugaji walipoondolewa bondeni mwaka 2006, na bado linapendwa, lakini hesabu haikubaliani nalo. Ng’ombe mmoja hunywa kiasi cha lita 40 kwa siku. Jaruba la hekta moja linalopewa lita moja kwa sekunde, kiwango ambacho wataalamu wa umwagiliaji hukitumia kama kipimo cha kawaida, huchukua lita 86,400 kwa siku, yaani maji ya kunywa ya ng’ombe zaidi ya elfu mbili. Kwato hukandamiza udongo na malisho yakizidi huacha ardhi tupu, hilo silipingi; ila maji ya kiangazi yanapotelea zaidi kwenye mabanio, yaani milango ya kuchepushia maji ya mto mashambani, ambayo hayafungwi mpunga unapokwisha kuvunwa, yakaendelea kumwagika katika mashamba yasiyo na kitu. Tulikuwa tumeyapita mabanio mawili ya namna hiyo jana yake, yakiwa wazi. Nilimkumbusha. Alifikiri kidogo, akaichukua sahani, akatoboa tundu ubavuni kwa ncha ya kisu, akasema, “Basi, mwalimu, banio tuliweke hapa.” Kijana anayepokea sahihisho kwa namna hiyo mbele ya wageni wanaomlipa, mimi namwamini kuliko mwenye boti mbili.

Kwa hiyo ushauri wangu unategemea unakwenda kutafuta nini. Ukitaka wanyama wakubwa kwa wingi na kwa haraka, kuna njia nyingine za kuingia Ruaha, na kwa fedha hizo hizo utapata simba. Ukitaka maua, usikubali tarehe yoyote nje ya miezi ya mvua, hata ukionyeshwa picha nzuri namna gani, na ujue kwamba katika miezi hiyo hiyo ukingo wa Ihefu hugeuka tope lisilopitika kwa gari, hivyo siku ya tatu itakuwa ya kubahatisha. Juni inafaa kwa anayetaka kuona bonde lingali na maji na barabara zimekwisha kukauka. Mwenye watoto wa sekondari awapeleke, ila ahakikishe siku ya pili haifupishwi. Nguo za baridi ni za lazima kwa Kitulo, na viatu vya kulowa ni vya lazima kwa siku zote tatu, hayo hatukuambiwa.

Nilipowaandikia kuhusu gari, darubini na boti, walijibu siku ya pili yake, wakanirudishia shilingi 40,000 za boti kwa kila mtu wa familia yangu na kuniomba radhi kwa picha, ambayo wameibadilisha. Nimelipa malipo ya awali ya safari ya Februari, ya Kitulo peke yake, na safari hii masharti yameandikwa kwenye risiti. Mama mkwe amesema atakuja, baada ya kuuliza mara mbili kama gari ni lile lile.